Mto wa Mjini kwa Rangi za Mafuta: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua za safari hii karibu zote zimezunguka jambo moja: kuchora mto unaopita katikati ya mji, kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa impreshonisti, yaani ule wa kufuata mwanga kwa miguso ya wazi badala ya kuhesabu matofali. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Ndugu mhariri, nimechora mto mara nne na kila mara unatoka kama barabara iliyopakwa buluu. Majumba yanapendeza, daraja linasimama, ila maji hayalali. Nakosea wapi?

Umeanza na rangi ya maji, wakati maji ya mto wa mjini karibu hayana rangi ya kwao. Yanachukua ya mbingu, ya kuta na ya daraja, kisha yanaongeza kidogo ya tope lao. Ukifungua tyubu ya buluu kabla hujauliza kila kipande cha maji kinaakisi nini, mto umeshageuka barabara.

Tazama kwanza mbali na karibu. Maji yaliyo mbali unayaona kwa pembe ya kulala, kwa hiyo yanaakisi karibu kila kitu na hung'aa kama mbingu ya juu yake. Yaliyo karibu na miguu yako unayatazama kutoka juu. Sehemu kubwa ya mwanga huzama ndani, na unachokiona ni kina na tope: kijani kilichoiva, au hudhurungi. Ndiyo maana mto uliopakwa rangi moja toka juu mpaka chini ya turubai husimama wima kama ukuta. Acha toni (kiasi rangi inavyokaribia nyeupe au nyeusi) iteremke polepole kutoka nyepesi kwenda nzito kadiri unavyokuja mbele, na maji yatalala yenyewe.

Pili ni taswira za vitu majini. Zote hushuka wima, moja kwa moja chini ya kitu chenyewe, hata kama mto umepinda. Nguzo iliyoegemea kushoto, taswira yake nayo huegemea kushoto. Kitu cheusi kikiakisiwa hufifia kidogo, kwa sababu mwanga wa mbingu na wa tope huongezeka juu yake. Kitu cheupe huiva kidogo, kwa sababu sehemu ya mwanga wake imemezwa na maji. Kwa hiyo weusi mzito kabisa na weupe mkali kabisa viweke juu ya mstari wa maji, na chini yake vyote visogee katikati.

Tatu ni daraja, na hapa hata wenye mkono mzuri hukwama. Wengi hulichora, kisha huligeuza chini juu majini kama karata. Maji yanaonyesha kile ambacho jicho lingeona lingekuwa chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ulichosimama wewe juu yake. Jicho hilo linaona tumbo la tao. Taswira ya daraja basi huwa na sehemu kubwa ya upande wa chini wa matao, ambao aghalabu ni wa kiza chenye joto (kinachoelekea nyekundu au njano) kutokana na mwanga unaoruka kutoka majini, na uso wa mbele wa daraja hupungua. Ukiweka kiza hicho mahali pake, daraja linatua juu ya maji.

La mwisho ni mstari wa ukingo wa ng'ambo. Ukitazama mto kwa upana wake, mstari huo uwe karibu sawa na ukingo wa chini wa turubai. Ukipanda hata nusu sentimita upande mmoja, mto mzima utaonekana unamwagika. Pima kwa rula kutoka ukingo wa chini. Hakuna aibu katika kupima.

Mwanzoni rangi zinang'aa, ila baada ya saa moja picha yote imekuwa matope. Nimebadilisha brashi, nimebadilisha hata rangi, wapi!

Matope huja kwa njia tatu, na mara nyingi zote zinakuwa zimekuvamia kwa pamoja.

Ya kwanza ni tabaka la chini kuwa nene. Ukipaka mbingu kwa rangi nzito halafu ukataka kuweka doa la chungwa juu yake, brashi italima ile ya chini na kuichota. Tabaka la kwanza liwe jembamba kiasi cha kuona nyuzi za turubai. Lile la juu liwe nene, na uliweke kwa brashi iliyojaa, ukiilaza karibu sambamba na turubai kama unayepaka siagi kwenye mkate. Mguso mmoja, kisha inua mkono. Mguso wa pili mahali palepale unaweza kusalimika; wa tatu ni matope. Baada ya kila miguso miwili au mitatu, futa brashi kwa kitambaa. Kufuta kunatosha. Ukiichovya kwenye tapentaini kila mara, inarudi na maji ya kijivu yanayochafua kila utakachokigusa.

Ya pili ni kuchanganya rangi nyingi mno. Mchanganyiko wa rangi mbili na nyeupe hubaki hai. Rangi nne za vipimo vinavyokaribiana pamoja na nyeupe, zikiwa na buluu, nyekundu na njano zote ndani yake, huuana. Ukitaka kijivu kilicho hai, weka madoa mawili ya toni moja karibu karibu, moja la joto na moja la baridi (linaloelekea buluu), jicho la mtazamaji lichanganye lenyewe. Ndiyo siri kubwa ya mtindo huu, ila ina sharti: madoa hayo lazima yalingane toni. Zambarau na chungwa lenye uzito sawa wa mwanga hutetemeka kama hewa. Moja likiwa jeusi kuliko jingine, unapata madoadoa ya ndui.

Ya tatu ni kutojua wakati wa kuacha. Sehemu ikishachafuka, usiiongezee rangi. Ikwangue kwa kisu mpaka kwenye nyuzi, futa, kisha weka upya. Mara nyingi kivuli kinachobaki baada ya kukwangua hufaa kabisa kuwa ukungu wa majengo ya mbali, kwa hiyo kitazame vizuri kabla hujakifunika.

Ninunue rangi zipi? Pesa yangu si nyingi, na dukani kuna tyubu zaidi ya mia.

Nane zinatosha, na wengine humaliza kazi kwa sita. Mwaka 1905 Claude Monet, mchoraji mkubwa wa mtindo huu, aliandika kwamba anatumia nyeupe ya risasi, njano ya kadimi, nyekundu ya vermilioni, nyekundu nzito ya mada, buluu ya kobalti na kijani cha emeraldi, basi. Risasi na vermilioni zina sumu, kwa hiyo sisi tunapendekeza hizi: nyeupe ya titani, njano nyepesi ya kadimi, oka ya njano, nyekundu nyepesi ya kadimi, nyekundu ya alizarini ya aina isiyopauka, ultramarini (buluu nzito), kobalti, na siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu). Ukipata ya tisa, iwe viridiani, kijani cha baridi.

Usisome jina peke yake, soma namba ya rangi iliyochapwa kwa herufi ndogo kwenye tyubu. PW6 ni titani, PB29 ultramarini, PB28 kobalti halisi, PR108 nyekundu ya kadimi, PG18 viridiani. Ukiona neno "hue" baada ya jina, hiyo ni rangi ya kuigiza. Si mbaya kwa mazoezi, ila haitachanganyika kama halisi. Alizarini ya zamani, PR83, hupauka kwa mwanga, iepuke. Na jihadhari na PG7: ni kijani chenye nguvu sana, tone moja hula kilima cha nyeupe.

Nyeusi acha dukani. Ultramarini sehemu mbili na siena iliyochomwa sehemu moja hutoa kiza kizito cha baridi. Geuza kipimo, kinakuwa cha joto. Ukiongeza nyeupe, hapo una vijivu vyote vya mawe, lami na moshi ambavyo mji wowote unahitaji.

Naomba mpangilio wa kazi kutoka turubai tupu mpaka mwisho. Kila ninayemuuliza ananiambia "anza tu".

Chukua turubai ya sentimita 40 kwa 50, iliyopakwa jeso (rangi nyeupe ya kuandalia turubai) mara mbili au tatu. Siku moja kabla, ipake siena iliyochomwa iliyolainishwa kwa tapentaini na uifute kwa kitambaa, ibaki rangi ya chai ya maziwa. Weupe mtupu hudanganya jicho: kila toni utakayoweka itaonekana nzito kuliko ilivyo, na utaishia na picha iliyopauka. Kama huna siku ya kungoja, tumia akriliki. Hukauka ndani ya saa moja. Akriliki inaweza kukaa chini ya mafuta. Juu ya mafuta kamwe, itabanduka.

Kabla ya brashi, chukua penseli na kikaratasi kidogo kama kiganja. Finya macho mpaka madirisha yapotee, halafu chora maumbo matano tu: mbingu, majengo ya mbali, ukingo wa karibu, daraja, maji. Kila umbo lipe namba ya toni kutoka 1, nyeupe, hadi 5, nyeusi. Kama maumbo mawili yanayopakana yana namba moja, amua mapema: yaungane kabisa, au moja ulisogeze. Dakika kumi hizi ndizo zinazoiokoa picha, na ndizo watu wanazoziruka.

Mstari wa ukingo wa ng'ambo usikae katikati. Ukitaka maji yatawale, uweke theluthi ya juu. Hapo kimo unachotazamia kina maana: ukisimama karibu na usawa wa maji, mto unakuwa utepe mwembamba, ukipanda ghorofani, unafunguka. Camille Pissarro, mchoraji mwenzake Monet, aliuchora mto Seine na daraja la Pont Neuf, jijini Paris, akiwa dirishani juu, na ndiyo maana maji yake yana nafasi.

Chora mistari mikuu kwa brashi nyembamba na ultramarini yenye siena, iliyolainishwa. Kisha chukua brashi bapa ya manyoya ya nguruwe, namba 10 au 12, ufunike maumbo yote matano kwa rangi nyembamba, ukianza na kiza. Hapa usitie mafuta, ni rangi na tapentaini kidogo. Ndani ya dakika 40 turubai nzima iwe imefunikwa. Usimalize kona moja ukaacha nyingine tupu, kwa sababu huwezi kuhukumu toni bila jirani yake.

Sasa tayarisha mbingu na maji kwa pamoja. Changanya kilima kimoja cha rangi ya mbingu: nyeupe kijiko kimoja cha chai, kobalti kiasi cha punje ya haragwe, na nyekundu ya kadimi kwenye ncha ya kisu ili kuituliza. Kigawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni mbingu. Nusu ya pili itie oka na ultramarini kidogo ishuke toni moja. Hayo ndiyo maji yako. Kwa kuwa vyote vimezaliwa na kilima kimoja, vitaelewana bila kulazimishwa.

Majengo ya mbali yapake kwa rangi ya mbingu iliyoongezwa ultramarini na alizarini kidogo. Kadiri jengo linavyokaribia, ongeza siena na tofauti ya mwanga na kivuli. Mpaka kati ya paa na mbingu usiukate kama kwa wembe kila mahali. Sehemu moja uache wazi, nyingine uivute kwa kidole ipotee.

Taswira majini zivute wakati rangi bado mbichi: brashi bapa, kutoka mstari wa maji kwenda chini, wima. Ziache dakika chache. Kisha chukua brashi safi, kavu, uipitishe kwa ulalo mara mbili au tatu tu, kwa uzito wa mkono usiozidi wa unyoya. Wima hutoa kina, ulalo hutoa uso wa maji. Wengi hufanya ulalo peke yake, na hapo mto unakuwa mkeka.

Mwanga mnene uje mwisho: ukingo wa daraja uliopigwa na jua, mgongo wa tishali, miguso michache mbele majini. Miguso ya majini iliyo mbali iwe myembamba na iliyobanana. Ya karibu iwe mipana, yenye nafasi kati yake. Ukichora mbele ya mto wenyewe, hesabu saa mbili hivi, kwa sababu baada ya hapo vivuli vimehama na unachora picha nyingine. Monet alipouchora mto Thames jijini London kati ya 1899 na 1901 alikuwa na turubai nyingi kwa wakati mmoja, akizibadilisha kila mwanga ulipobadilika. Wewe rudi kesho, saa ileile.

Majengo yangu yana madirisha zaidi ya mia mbili. Niyachore yote?

Hapana. Katika kila jengo tafuta mahali ambapo kivuli kinakutana na mwanga, uweke madirisha matatu au manne hapo, tena yasilingane. Penginepo weka mguso mmoja mrefu wa toni nzito kidogo kwa safu nzima ya ghorofa. Jengo la mbali lisiwe na dirisha hata moja. Watu darajani vivyo hivyo: doa la mwili, nukta ya kichwa, na vichwa vyote viwe karibu usawa mmoja ikiwa nawe umesimama darajani pamoja nao.

Nachora mto jioni, taa zimewaka, lakini taa zangu haziwaki. Naongeza nyeupe, zinazidi kufa. Nifanyeje?

Nyeupe ndiyo inayoziua. Nyeupe ya titani ni ya baridi, na kila unapoiongeza kwenye njano unapata rangi ya chokaa. Taa huwaka kwa sababu ya jirani zake. Shusha mbingu na maji hadi toni ya 3 au 4, kwa ultramarini na alizarini, kisha weka taa kwa njano ya kadimi na nyekundu ya kadimi kidogo, ukiibakisha nukta moja tu ya njano yenye nyeupe katikati. Kuzunguka taa, rangi ya mbingu iwe na joto kidogo: paka duara la chungwa lililofifia, toni karibu sawa na mbingu, kabla ya kuweka taa yenyewe.

Itazame picha ya Monet ya mwaka 1872 ya jua likichomoza bandarini Le Havre, ile iliyoupa mtindo huu jina. Jua la chungwa linaonekana kuwaka, lakini ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, jua karibu linapotea: toni yake inakaribia kabisa ya mbingu inayolizunguka. Kinachowaka pale ni chungwa dhidi ya buluu ya kijivu.

Taswira ya taa majini haiwi nukta. Kila kiwimbi ni kioo kidogo kilichoinama, kwa hiyo mwanga hunyooka kuwa mkanda wima unaokujia wewe, mrefu sana lakini si mpana. Uchore kwa miguso mifupi ya ulalo iliyopangwa wima, yenye mapengo. Ianze kwa chungwa nyepesi karibu na ukingo wa ng'ambo, iive kuelekea nyekundu na kufifia inapokuja mbele.

Naweza kuchora kutoka picha ya simu?

Unaweza, ukijua inakudanganya wapi. Simu hufanya vivuli chini ya daraja kuwa vyeusi tii na kuchoma mbingu ikawa nyeupe. Piga picha mbili, moja ukipima mwanga wa mbingu na nyingine wa kivuli, ukae dakika tano uandike kwa maneno rangi unazoziona kivulini. Utashangaa zambarau na kijani kilichomo.

Picha imekauka, lakini sehemu za kiza zimekuwa butu kama chaki, na nyingine ina nyufa. Na vanishi inapakwa lini?

Ubutu ni mafuta kunyonywa na tabaka la chini, ama jeso ilikuwa kavu mno ama ulitumia tapentaini nyingi. Changanya mafuta ya kitani na tapentaini isiyo na harufu, sawa kwa sawa, sugua kiasi kidogo sana kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ngoja dakika kumi, kisha futa yote yanayobaki juu.

Nyufa zina chanzo kingine. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza kama maji. Mafuta huvuta oksijeni na kugeuka gumu. Siena hushika ndani ya siku moja au mbili. Kadimi na titani huchukua siku kadhaa, alizarini zaidi. Tabaka linalokauka haraka likiwa juu ya linalochelewa, la chini linaendelea kujongea na la juu linapasuka. Kwa hiyo kila tabaka liwe na mafuta zaidi kuliko lililo chini yake: la kwanza tapentaini tu, la pili sehemu moja ya mafuta kwa tatu za tapentaini, la mwisho rangi kama inavyotoka kwenye tyubu au yenye tone la mafuta. Ufa uliokwisha kutokea hauzibiki kwa kupaka juu.

Vanishi ngoja miezi sita kwa picha nyembamba, mwaka mzima kama umeweka rangi nene. Kabla ya kupaka, gusa sehemu nene kuliko zote kwa kitambaa chenye tapentaini isiyo na harufu: kikitoka na rangi, bado.

Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni wala kutupwa kwenye pipa la taka vikiwa vimekunjwa. Ule uvutaji wa oksijeni unatoa joto, na ndani ya rundo joto halina pa kutokea. Vitambaa vinaweza kuwaka moto vyenyewe, usiku, bila kiberiti. Vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko, au vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke na kuwa vigumu.